Magadi na Chokaa: Mmenyuko Huelemea Upande Gani?



Nimekutana na wengi wetu waliosoma sayansi hadi chuo kikuu, na ukiwauliza habari za msawazo wa kikemia hukimbilia kanuni ya Le Chatelier, tena kwa Kiingereza, neno kwa neno kama walivyoikariri kidato cha tano. Hapo hakuna neno. Lakini ongeza swali la pili: haya, mmenyuko huu ulio mbele yetu unaelemea upande gani, na umejuaje? Kimya. Wengine hujibu kwamba ati msawazo "unapendelea" upande wa mazao, kana kwamba msawazo ni mama mkwe mwenye mkamwana wake kipenzi. Mimi nafundisha somo hili huku ughaibuni, na nimeona kosa hilohilo kwa vijana wa Kizungu, kwa hiyo si la Waswahili peke yetu. Hata hivyo historia ya swali lenyewe inapita karibu sana na kwetu kuliko tunavyodhani, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Tuanze na tanuu la chokaa. Kilwa, Gede, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyotokana na matumbawe hayohayo. Magogo yanapangwa, matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa uwanjani mchana kutwa na usiku. Kikemia jiwe hilo ni kabonati ya kalsiamu, na moto unaligawa: oksidi ya kalsiamu inabaki, kabonidioksidi inapaa. Katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 zinapotea hewani na unabaki na kilo 56. Halafu chokaa inatiwa maji, inachanganywa na mchanga, inapigwa ukutani. Na hapo ukutani, taratibu, kwa miezi na miaka, inanyonya kabonidioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Imepitia maji njiani, ni kweli, lakini mwisho wake ni kabonati ileile iliyochimbwa.

Sasa niambieni: mmenyuko huu unaelemea upande gani? Wa jiwe au wa chokaa? Swali halijibiki namna hiyo. Kwenye joto la kawaida la pwani unaelemea jiwe, wala hakuna ubishi, hata kwa hewa ambayo haina zaidi ya sehemu 4 au 5 za kabonidioksidi katika kila sehemu 10,000. Ukipandisha joto hadi nyuzi 500 na kitu, jiwe linaanza kuweza kutoa gesi yake katika hewa hiyohiyo. Ukifika karibu nyuzi 900, gesi inatoka kwa kanieneo la atmosfia nzima, ikijisukumia njia yenyewe. Lakini lifungie jiwe ndani ya chombo kisichovuja, gesi isipate pa kwenda, na hata kwenye joto kali litagawanyika kidogo tu kisha lisimame. Henri Debray, Mfaransa, alilipima jambo hili mwaka 1867 akakuta kwamba kwa kila joto kuna kanieneo moja tu la gesi ambapo mambo yanatulia. Wachoma chokaa wetu hawakumsoma Debray, lakini tanuu lao liko wazi na upepo unalipuliza. Gesi ikitoka hairudi. Ndiyo maana jiwe linakwisha lote.

Wazungu wenyewe walichelewa kulielewa hili. Katika karne ya 18 waliamini kwamba kila kitu kina mvuto wake wa asili kwa kitu kingine, na kwamba mivuto hiyo inaweza kupangwa kwenye jedwali kama ngazi za ukoo. Étienne-François Geoffroy alitoa jedwali kama hilo mwaka 1718. Torbern Bergman wa Uswidi akatoa kubwa zaidi mwaka 1775, na fikra yake ikavuma hadi kwenye fasihi: Goethe aliichukua istilahi ya Bergman akaipa riwaya yake ya mwaka 1809. Kwa Bergman, kama A anampenda B kuliko C, basi atamwacha C na kwenda kwa B, yamekwisha. Idadi ya A na B na C haina uzito. Lile neno "kupendelea" linalonikera limetoka huko. Ni mabaki ya kemia ya mapenzi.

Aliyelivunja jedwali hilo ni Claude Louis Berthollet, na alilivunjia Afrika. Alikwenda Misri na jeshi la Napoleon mwaka 1798, mmoja wa wataalamu walioandamana na majeshi kana kwamba uvamizi ni ziara ya masomo. (Huo nao ni mjadala, lakini si wa leo.) Mwanzoni mwa 1799 alifika Wadi Natrun, bonde la jangwani kaskazini magharibi ya Cairo lenye maziwa ya chumvi na magadi. Wamisri wa kale walichimba hapo natruni ya kukaushia maiti. Jina hilo ndilo lililozaa alama ya kemia Na, na ndilo lililobandikwa baadaye kwenye ziwa letu la Natron, kaskazini ya Tanzania. Ndugu zetu mlioko Oman na Ghuba mnalijua neno lenyewe kwa Kiarabu.

Berthollet aliona nini? Aliona magadi, yaani kabonati ya sodiamu, yametanda ukingoni mwa maziwa, mahali penye chumvi ya kawaida na mawe ya chokaa. Maabara yake ya Paris ilikuwa imemfundisha kinyume chake. Chukua magadi yaliyoyeyushwa, mimina kloridi ya kalsiamu, na papo hapo inaanguka chokaa nyeupe, chumvi ya kawaida inabaki majini. Kwa mujibu wa Bergman hiyo ndiyo njia pekee, maana kalsiamu na kabonati wameshachaguana. Lakini pale jangwani Berthollet aliona kama kwamba mmenyuko umekwenda kinyumenyume: chumvi na chokaa vimezaa magadi.

Hakusema kwamba jangwa lina sheria nyingine. Alisema kwamba jedwali limesahau wingi. Pale ziwani chumvi ni nyingi kupita kiasi, chokaa ni nyingi, na magadi yakitokea yanachanua juu kama unga mkavu na kuondoka kwenye uwanja wa mapambano, wakati kloridi ya kalsiamu, yenye tabia ya kunyonya unyevu, inazama ardhini. Kinachoondoka hakiwezi kurudi kupigana. Aliisoma hoja hiyo mbele ya Taasisi ya Misri, Cairo, mwaka 1799, akaichapisha 1801, na akaipanua katika kitabu kikubwa cha 1803. Nguvu ya kitu katika mmenyuko, alisema, inatokana na mvuto wake pamoja na wingi wake. Na kinachoganda chini au kupaa juu hubadilisha matokeo kwa sababu kinatoka mchezoni. Linganisheni na tanuu letu la wazi. Ni hoja ileile.

Kuna kinaya hapa ambacho mimi nakipenda. Sheria aliyoitoa Berthollet ni ya kweli, lakini maelezo yake ya Wadi Natrun yenyewe hayakudumu. Watafiti wawili wa Kimisri, Abd-el-Malek na Rizk, walionyesha mwaka 1963 kwamba katika bonde hilo kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaotafuna salfeti kwenye tope na kuacha nyuma alkali. Mtu anaweza kusoma vibaya mfano wake na bado akaondoka na kanuni sahihi. Wanafunzi hawaambiwi kwamba sayansi huenda hivyo pia.

Hoja ya Berthollet ililala kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa yeye mwenyewe alisababisha. Alipitiliza. Kwa kuwa wingi unaamua matokeo, akadai kwamba hata muundo wa kitu unaweza kubadilika kadiri ya wingi, yaani hakuna uwiano maalumu kati ya elementi ndani ya kampaundi. Joseph Louis Proust akambana kwa vipimo, mwaka hadi mwaka, na kufikia 1808 Proust alikuwa ameshinda. Watu wakamtupa mtoto wa Berthollet pamoja na maji ya kumwogeshea.

Katikati ya karne ya 19 wachache waliokota vipande vyake. Marcellin Berthelot na Léon Péan de Saint-Gilles, mwaka 1862 na 1863, walichanganya asidi ya siki na alkoholi, vitu vinavyozaa esta na maji, wakangoja kwa subira kubwa. Ukianza na kiasi sawa cha hivyo viwili, theluthi mbili hubadilika, kisha mmenyuko unasimama. Ukianza na esta na maji, unarudi nyuma hadi palepale: theluthi mbili esta, theluthi moja asidi. Mwaka 1864 Wanorwei wawili, Cato Guldberg na Peter Waage, mtu na shemejiye, wakaitia hoja hiyo kwenye hesabu. Waliandika kwa Kinorwei na hakuna aliyesoma. Wakaandika tena kwa Kifaransa 1867, wachache wakasoma. Ilibidi waandike kwa Kijerumani 1879 ndipo dunia ikawasikia. Wanaotuambia Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi kwa kuwa hakisomwi na wakubwa, wakumbuke kwamba Kinorwei nacho kilikuwa hivyo, na sheria ilikuwa ya kweli tangu ilipokuwa Kinorwei.

Walichosema kwa lugha ya leo ni hiki. Msawazo si utulivu wa maiti. Ni kama ukumbi wa harusi ambapo wanaoingia na wanaotoka ni sawa kwa idadi; ukiangalia kwa mbali watu hawaongezeki wala hawapungui, lakini mlangoni pana msukumano. Mmenyuko wa mbele unakwenda kwa kadiri ya wingi wa vinavyoingia, wa nyuma kwa kadiri ya wingi wa vilivyotoka, na pale kasi mbili zinapolingana, uwiano wa mazao kwa vitendanishi huwa namba moja isiyobadilika maadamu joto halijabadilika. Namba hiyo ndiyo K.

Basi swali la upande linajibiwa hivi: pima ulichonacho sasa, piga uwiano uleule, linganisha na K. Uwiano wako ukiwa mdogo kuliko K, mmenyuko utasonga mbele. Ukiwa mkubwa, utarudi nyuma. Ukilingana nayo, umeshafika. Kwa asidi na alkoholi K ni 4, kwa sababu theluthi mbili mara theluthi mbili, gawanya kwa theluthi moja mara theluthi moja, ni 4. Sasa weka alkoholi mara tatu ya asidi badala ya sawasawa. K haikugusika, bado ni 4, lakini piga hesabu na utaona kwamba asidi iliyobadilika imepanda kutoka asilimia 67 hadi asilimia 90. Nani amependelea nani? Hakuna. Mzigo umeongezwa upande mmoja na chombo kimeelemea upande wa pili. Ndiyo sababu mimi husema "kuelemea" na siachi, maana baharia yeyote anajua kwamba jahazi haliinamii upande kwa mapenzi.

Henry Le Chatelier alikuja baada ya hapo, 1884, mwaka uleule Jacobus van 't Hoff alipochapa kitabu chake juu ya mwendo wa kemia na kueleza jinsi joto linavyoisogeza K yenyewe. Le Chatelier alikuwa mtu wa migodi na saruji, na mfano wake bora ni wa pesa. Katika matanuri ya chuma, kabonimonoksidi inanyang'anya oksidi ya chuma oksijeni yake. Lakini gesi inayotoka juu ya tanuri bado ina kabonimonoksidi tele, yaani mafuta yanapotea. Wenye viwanda wakadhani gesi haikai na mawe muda wa kutosha. Wakarefusha matanuri. Uingereza walifika hadi mita 30. Gesi iliyopotea haikupungua hata chembe. Le Chatelier aliandika kwa kejeli mwaka 1888 kwamba kwa mamia ya maelfu ya faranga wamethibitisha jambo ambalo sheria za msawazo zingewaambia kwa bei rahisi zaidi: mmenyuko ulikuwa umeshafika mwisho wake, na muda zaidi hausaidii kitu.

Hapo pana tofauti ambayo wanafunzi wangu huichanganya kila mwaka. Mmenyuko unaelemea wapi ni swali moja. Unafika lini ni swali jingine kabisa. Tanuri refu linatibu uvivu. Halitibu mpaka. Na kinyume chake kipo pia, tena kilimkuta Le Chatelier mwenyewe. Mwaka 1901 alijaribu kuunganisha naitrojeni na haidrojeni kupata amonia chini ya kanieneo kubwa, kama kanuni yake ilivyomwelekeza, kwa kuwa ujazo 4 wa gesi unageuka kuwa 2. Hewa ilikuwa imeingia mtamboni. Mtambo ukalipuka, msaidizi wake nusura afe, naye akaacha. Baadaye aliandika kwamba kuiacha amonia imponyoke lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya maisha yake ya sayansi.

Fritz Haber ndiye aliyeipata, pamoja na Robert Le Rossignol wa kisiwa cha Jersey, ambaye vitabu humsahau. Tazameni namba alizotoa Haber. Kwa nyuzi 200 na atmosfia 200, msawazo una asilimia 85.8 ya amonia: neema. Lakini kwa nyuzi 200 gesi hizo zinakaa zikitazamana, hakuna kinachotokea. Pandisha hadi nyuzi 500 zichangamke, na kwa atmosfia moja unapata asilimia 0.13 tu, haitoshi hata kunusa. Kwa atmosfia 200 kwenye nyuzi hizohizo 500 unapata asilimia 17.6. Kumbe biashara nzima ya mbolea ni mapatano kati ya upande na kasi: joto la kuamsha, kanieneo la kurudisha kilichopotezwa na joto, na kichocheo, ambacho kinaharakisha safari zote mbili bila kusogeza msawazo hata unywele. Tarehe 2 Julai 1909 amonia ilidondoka Karlsruhe mbele ya mashahidi. Septemba 1913 kiwanda cha Oppau kilianza.

Na kanuni ya Le Chatelier yenyewe, ile ya kukariri? Mimi siiamini kama inavyofundishwa. Inasema mfumo hupinga bughudha. Chukua chombo cha amonia kinachoachiwa kutanuka ili kanieneo lisibadilike, na naitrojeni iwe tayari zaidi ya nusu ya gesi yote. Ongeza naitrojeni zaidi. Aliyekariri atasema mfumo utaimeza ile nyongeza na kutengeneza amonia. Hesabu ya K inasema kinyume: amonia itavunjika na naitrojeni itazidi kuongezeka, kwa sababu chombo kimetanuka na gesi nyingine zote zimezimuliwa. Paul Ehrenfest aliikosoa kanuni hiyo hadharani tangu 1911, na miaka mia na zaidi imepita, bado tunaipa vijana kama aya.

Turudi kwenye magadi, maana kisa cha Berthollet kina mkia. Ernest Solvay, Mbelgiji, alianza mwaka 1861 kutengeneza magadi kutokana na chumvi na chokaa. Hesabu ya jumla ya kiwanda chake ni ileile ya Wadi Natrun: chumvi na chokaa vinaingia, magadi na kloridi ya kalsiamu vinatoka. Ukivichanganya moja kwa moja majini havitafanya hivyo kamwe. Solvay aliupitisha mmenyuko kichochoroni, kwa amonia na kabonidioksidi, ili bikabonati ya sodiamu, isiyoyeyuka vizuri kwenye maji baridi ya chumvi, iangukie chini na kutoka mchezoni. Amonia inakombolewa kwa chokaa na kurudishwa kazini. Uingereza ufundi huo ulichukuliwa na kampuni ya Brunner Mond, iliyoanzishwa 1873, ikatajirika kwa kuusukuma mmenyuko mahali usipotaka kwenda.

Na mwaka 1924 kampuni hiyohiyo ikainunua Magadi Soda, iliyoundwa 1911 kuchimba ziwa Magadi la Kenya, ambako reli ilikuwa imeshavutwa kutoka Konza. Walinunua mahali ambapo magadi yanaganda yenyewe juani bila amonia wala tanuri. Hans Eugster alieleza mwaka 1970 jinsi maji hayo yalivyopata tabia yake. Chemchemi zinatoka kwenye miamba ya volkano zikiwa na bikabonati nyingi na kalsiamu kidogo. Jua linayakausha, kabonidioksidi inapaa, na chokaa inaanguka mapema, ikichukua kalsiamu yote. Kabonati iliyobaki haina tena kalsiamu wa kuishika, basi inashikana na sodiamu. Lau kalsiamu ingekuwa nyingi kuliko bikabonati tangu chemchemini, hata kwa tofauti ndogo, mambo yangegeuka: kabonati ndiyo ingekwisha kwanza, na pale pangekuwa ziwa la chumvi tu, bila magadi ya kulainishia maharage wala ya kutia kwenye ugoro.

Mmenyuko huo wa kuangusha chokaa kila mtu wa pwani anao jikoni. Maji ya visima vya matumbawe, Unguja na Mombasa, huacha utando mweupe mgumu ndani ya birika. Mvua iliyeyusha jiwe, moto umelirudisha. Nimewahi kusikia ukiitwa kwa majina tofauti kila mji, na katika kamusi nilizonazo sikuona hata moja. Wenye bibi waliochemsha maji ya kisima, hasa wa Lamu, Pemba na Tanga, naomba jina mnalolitumia, na mji wake.

Naomba kuwasilisha.